Nani alishika kalamu: Wakazakhi chini ya utawala wa Kisovyeti

Ukianza kusoma habari za Wakazakhi chini ya ukomunisti utakutana na madai mawili. La kwanza ni kwamba Moscow ililiua taifa lile. La pili ni kwamba kabla ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, palikuwa na koo za wafugaji tu, na Moscow ndiyo iliyowapa mipaka, shule na jina. Kila upande una ushahidi wake, ndiyo maana ubishi hauishi. Mimi naona inafaa kuweka kando maneno makubwa na kufuata vitu vyenyewe: jina liliandikwaje, herufi zilibadilishwa lini, mifugo ilikwenda wapi, kwenye pasipoti palijazwa nini. Ukifuata njia hiyo utaona jambo moja likijirudia. Dola ilikubali, hata ilisisitiza, kwamba Mkazakhi awepo. Kalamu ya kuandika Mkazakhi ni nani ndiyo iliyotaka ibaki mkononi mwake.

Tuanze na jina. Wenyewe hujiita Qazaq. Warusi wa enzi ya wafalme waliwaita "Kirgiz", jina la majirani zao, kwa sababu kwa Kirusi neno kazak lilikuwa tayari na wenyewe, wale askari wapanda farasi wa mipakani, yaani Wakosaki. Wabolsheviki waliurithi mkanganyiko huo. Jamhuri ya ndani ya Urusi iliyoundwa tarehe 26 Agosti 1920, mji mkuu ukiwa Orenburg, iliitwa ya Kirgiz ilhali ilikuwa ya Wakazakhi. Mwaka 1925 jina halisi likarudishwa, mji mkuu ukahamia Kyzylorda, na Orenburg ikabaki upande wa Urusi. Katika mgawanyo huohuo wa 1924 na 1925 maeneo ya Syr Darya na Zhetysu, yaliyokuwa sehemu ya Turkestan, yaliunganishwa na jamhuri hiyo, na karibu nyika yote ya Wakazakhi ikaingia kwenye ramani moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na anayelaani kila kitu cha Kisovyeti hana budi kulieleza.

Mwaka 1936 ikaja amri nyingine: kwa Kirusi, herufi ya mwisho ya jina ibadilishwe kutoka k iwe kh, ili Mkazakhi asichanganywe na Mkosaki. Ile "kh" tunayoiandika hata sisi katika "Kazakhstan" chanzo chake ni karatasi hiyo. Mwenye jina lake hutamka sauti moja mwanzo na mwisho, ya kooni, kama qaf ya Kiarabu. Desemba ya mwaka huo Kazakhstan ikapandishwa kuwa jamhuri kamili ya Muungano.

Sasa hao "wafugaji tu" walikuwa na watu wao wa kalamu kabla ya yote haya. Gazeti lililoitwa Qazaq lilianza kutoka Orenburg mwaka 1913, likihaririwa na Akhmet Baitursynov pamoja na Mirzhaqyp Dulatov, na Alikhan Bukeikhanov akiwa mwandishi wake mkubwa. Desemba 1917 watu haohao wakatangaza serikali ya kujitawala, Alash Orda. Waliposhindwa vitani walipewa msamaha, na miaka ya mwanzo ya 1920 wengi wao walifanya kazi ndani ya ofisi za Kisovyeti: wakaandika vitabu vya shule, kamusi na sarufi. Mwaka 1923 ilitoka amri kwamba shughuli za ofisi ziendeshwe kwa Kikazakhi. Kwa miaka michache ilielekea kwamba dola na wasomi wa Alash walikuwa wakijenga nyumba moja.

Hapa ndipo herufi zinapoingia, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu sijaona mahali pengine panapoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi.

Kikazakhi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tatizo lake ni irabu. Kiarabu kina fatha, kasra na dhamma. Kikazakhi kina irabu tisa. Anayejua nyaraka za zamani za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hahitaji kuelezwa zaidi. Baitursynov alilitatua mwaka 1912 kwa kusikiliza lugha yenyewe. Irabu za Kikazakhi huenda kwa makundi mawili, nzito na laini, na kwa kawaida neno la asili huwa na za kundi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo hakuna haja ya kuipa kila irabu herufi yake. Aliondoa herufi za Kiarabu zisizo na sauti katika Kikazakhi, akaweka herufi tano za irabu, kisha akatumia alama moja ndogo, hamza, aliyoiita dayekshe, ambayo huwekwa mbele ya neno kumwambia msomaji: neno hili lote lisome laini. Neno tur, "simama", na neno tür, "aina", huandikwa kwa herufi zilezile tatu. La pili limetanguliwa na dayekshe, basi. Na kama ndani ya neno kuna e, au k au g laini, dayekshe haiandikwi kabisa, kwa sababu herufi hizo zenyewe zinatangaza kwamba neno ni laini. Irabu nne zenye pande mbili, jumlisha e, unapata tisa. Naipenda kazi hii kwa dhati. Imetoka kwa mtu aliyekisikiliza Kikazakhi kabla ya kukiandikia.

Mwaka 1926, kwenye kongamano la wataalamu wa lugha za Kituruki huko Baku, hoja ya kuhamia herufi za Kilatini ilipita. Baitursynov alikuwa miongoni mwa wachache walioipinga: alisema hati yake inafanya kazi, na watu tayari wanasoma kwayo. Mwaka 1929 Kilatini kikawa rasmi. Tarehe 10 Novemba 1940 ikapitishwa sheria ya kuhamia herufi za Kirusi. Hebu piga hesabu ya mtu mmoja aliyezaliwa 1912. Akiwa na miaka kumi alijifunza kusoma kwa hati ya Baitursynov, akiwa na kumi na saba akaanza upya kwa Kilatini, na akiwa na ishirini na nane akaanza tena. Kila mara maktaba ya nyuma ilifungwa kwa wale waliokuja baada yake. Mtoto aliyeanza shule 1945 hakuweza kusoma barua ya babu yake, wala gazeti la 1913, wala kitabu cha shule cha 1935.

Abjadi ya 1940 ina herufi 42: zote 33 za Kirusi na tisa za kuongezea kwa sauti za Kikazakhi. Kwa nini zote 33, wakati kadhaa kati yake hazina sauti yoyote katika Kikazakhi? Kwa sababu kanuni iliyoambatana nayo ilitaka maneno yaliyoingia kutoka Kirusi yaandikwe kama Warusi wanavyoyaandika. Zamani neno geni lilipoingia lilifuata masikio ya Mkazakhi, likapata irabu za kundi moja, likawa la nyumbani. Baada ya 1940 liliingia na viatu. Upatanifu wa irabu, uleule uliokuwa nguzo ya hati ya 1912, ukavunjika katika maelfu ya maneno, na anayetamka "kisomi" akawa ni yule anayetamka Kirusi.

Baitursynov hakuiona abjadi hiyo. Alipigwa risasi Desemba 1937. Bukeikhanov alitangulia Septemba ya mwaka huo, na Dulatov alishafia kambini 1935. Kizazi kilichofuata, cha Wakazakhi waliokuwa wakomunisti kwa moyo wote, hakikusalimika: Saken Seifullin, Ilyas Zhansugurov, Beimbet Mailin na Turar Ryskulov wote waliuawa mwanzoni mwa 1938. Kwa miaka hamsini watoto wa Kikazakhi waliendelea kujifunza darasani istilahi za sarufi alizozibuni Baitursynov, kama zat esim, yaani nomino, na etistik, yaani kitenzi, bila kitabu kumtaja. Jina lake lilirudishwa hadharani 1988.

Lakini herufi hazikuua watu kama njaa ilivyoua. Asharshylyq, ndivyo Wakazakhi wanavyoliita baa lile, na ni lazima kueleza lilivyotokea, kwa sababu wengi hudhani lilikuwa ukame tu.

Mfugaji wa nyika aliishi kwa aina nne za mifugo, tört tülik: kondoo na mbuzi, farasi, ng'ombe, ngamia. Mwaka ulikuwa na vituo vinne, cha kipupwe, cha machipuko, cha kiangazi na cha vuli. Kila mnyama alikuwa na zamu yake. Wakati wa theluji farasi walitangulizwa, kwa sababu kwato zao huvunja ganda la juu na kuifukua nyasi. Nyuma yao wakaja ng'ombe, kisha kondoo wakala kilichofunuliwa. Kundi lisilo na farasi lilikuwa hatarini mwaka ambao theluji iliganda kuwa barafu, janga waliloliita jut. Kutawanyika ndiko kulikokuwa bima: familia chache mahali pamoja, mifugo mbali na mifugo ya wengine.

Filipp Goloshchyokin, aliyetumwa 1925 kuongoza chama katika jamhuri hiyo, alianza mwaka 1928 kwa kunyang'anya mifugo ya matajiri wapatao 700 na kuwafukuza katika maeneo yao. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya kuwaingiza wote kwenye mashamba ya pamoja na, kwa wakati mmoja, kuwafanya wahamaji wakae mahali pamoja. Makosa yalipandana. Mifugo ya familia nyingi ilikusanywa sehemu moja bila nyasi kavu wala mazizi, ikamaliza malisho ya karibu ndani ya wiki, ikaanza kufa. Viwango vya nyama ya kutolewa serikalini vikaendelea kudaiwa kwa hesabu ya mifugo ambayo haikuwepo tena. Wafugaji wasiolima walitakiwa watoe nafaka, kwa hiyo wakauza wanyama ili wanunue nafaka ya kuikabidhi serikalini. Watu wengine walichinja kuliko kukabidhi. Katika baadhi ya vituo vya makazi, maofisa walipanga mahema ya sufu kwa mistari kama mtaa wa mji, hayana kisima wala malisho, wakaandika kwenye ripoti kwamba wahamaji wametulia.

Mifugo ya jamhuri ilikuwa kama milioni 40 mwaka 1929. Mwaka 1933 ilibaki kama milioni 4 na nusu. Watu waliokufa ni takriban milioni 1.5, na kati yao takriban milioni 1.3 walikuwa Wakazakhi, zaidi ya theluthi moja ya Wakazakhi wote. Zaidi ya milioni moja walikimbia, wengine hadi China, Mongolia, Afghanistan na Iran. Hakuna kabila la Umoja wa Kisovyeti lililopoteza sehemu kubwa hivi ya watu wake katika njaa ile, na kwa nusu karne halikuruhusiwa kusema.

Baada ya hapo, kile kilichoitwa utamaduni wa taifa kilijengwa juu ya makaburi. Maneno "kitaifa kwa umbo, kijamaa kwa maudhui" yalikuwa sera rasmi, na ukitaka kuona yalivyofanya kazi tazama ala za muziki. Dombra ni ala ya nyuzi mbili, jamaa ya mbali ya gambusi. Zamani nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama na vituo vya vidole vilikuwa utumbo uliofungwa shingoni, ambao mpigaji aliweza kuusogeza. Dombra ya magharibi ilikuwa na shingo ndefu na vituo vingi, ya mashariki shingo fupi na vituo vichache. Mwaka 1934 Akhmet Zhubanov alianzisha okestra ya ala za Kikazakhi, na okestra inadai ala zinazolingana. Basi zikatengenezwa dombra za ukubwa mbalimbali, ndogo hadi ya besi, vituo vikawekwa kwa vipimo vya piano, na sauti zilizokuwa katikati ya vituo hivyo zikapotea. Qobyz nayo ilikuwa na nyuzi mbili za singa za farasi, tumbo lake nusu wazi, nusu limewambwa ngozi, na waganga wa baqsy waliitumia kuita mizimu. Kwa ajili ya okestra ikaongezwa nyuzi, singa zikatoka, madini yakaingia, mwishowe ikasogea hadi karibu na fidla. Zhubanov huyohuyo ndiye aliyekusanya na kuandika kwa nota tungo za wapigaji wa karne ya 19 ambazo zingekufa pamoja na waliozijua, maana walikuwa wakifa kwa maelfu. Kaka yake Qudaibergen, mtaalamu wa lugha, alipigwa risasi 1938. Nikiambiwa nichague kama okestra ile ilihifadhi au iliharibu, nasema ilihifadhi tungo na kuharibu ala.

Historia ililindwa kwa ukali kuliko muziki. Yermukhan Bekmakhanov alichapisha 1947 utafiti juu ya Kenesary Kasymov, aliyewaongoza Wakazakhi dhidi ya Urusi kati ya 1837 na 1847, na akamwita kiongozi wa ukombozi. Desemba 1950 Pravda, gazeti la chama, likamshambulia. Mwaka 1952 alihukumiwa miaka 25. Akaachiwa 1954, baada ya Stalin kufa. Ufalme wa Urusi, ambao wakomunisti wa miaka ya 1920 waliuita mkoloni, ulikuwa umeshageuzwa kuwa "ubaya mdogo zaidi", kisha kujiunga nao kukaitwa kwa hiari, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikafanyika sherehe za miaka 250 ya hiari hiyo.

Kwenye karatasi, utaifa wa mtu ulikuwa mstari mmoja. Pasipoti ya ndani ilianzishwa 1932, na tangu 1938 utaifa ulirithiwa kutoka kwa mzazi. Mwenye wazazi wa mataifa tofauti alichagua moja akifika miaka 16. Jina la ukoo nalo lilipikwa hivi: chukua jina la babu, tia -ov au -ev, chukua jina la baba, tia -ovich au -evich. Nursultan Nazarbayev, mtoto wa Abish mwana wa Nazarbay, akawa Nursultan Abishevich Nazarbayev. Kosa lilikuwa kwamba jina lililokuwa likisonga kizazi kwa kizazi liligandishwa kwa babu mmoja, yule aliyetajwa siku karani alipofika. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikishwa mmoja kwa jina la baba, mwingine kwa la babu.

Kilichobaki nje ya karatasi ni zheti ata, mababu saba. Mtoto hufundishwa kuwataja kwa mpangilio: baba, babu, baba wa babu, hadi wa saba upande wa kiumeni. Matumizi yake ni ya kila siku: watu wanaokutana kwenye babu yeyote kati ya hao saba hawaoani. Juu ya saba kuna ukoo, ru, na juu ya ukoo kuna moja ya zhuz tatu, yaani makundi makuu ya koo. Chama kiliziita koo mabaki ya ukabaila, lakini hakikuwa na njia ya kumzuia mzee kumfundisha mjukuu majina saba jikoni, wala kuwazuia wazazi wa bwana na bibi harusi kuulizana kabla ya posa. Njaa yenyewe iliutia nguvu ujuzi huu, kwa kuwa yatima aliyejua ukoo wake alikuwa na pa kubisha hodi.

Hesabu ya watu iliwaelemea. Wakazakhi walikuwa zaidi ya nusu ya jamhuri mwaka 1926. Mwaka 1939 wakawa asilimia 38, na 1959 asilimia 30 tu. Njaa ilianza, uhamisho wa nguvu wa Wakorea, Wajerumani na Wachechnia ukafuata, kisha kampeni ya "ardhi mpya" ya 1954 ambayo ililima takriban hekta milioni 25 za nyika ya malisho na kuleta mamia ya maelfu ya walowezi. Kirusi kilikuwa lazima shuleni tangu 1938, na mageuzi ya 1958 yaliwaachia wazazi wachague lugha ya kufundishia. Mzazi aliyejua kwamba chuo na kazi ni kwa Kirusi alichagua Kirusi, na shule za Kikazakhi mijini zikapungua hadi kuhesabika kwa vidole. Kufika 1989 wengi wa Wakazakhi walikimudu Kirusi. Warusi wa huko waliomudu Kikazakhi hawakufika asilimia moja.

Tarehe 16 Desemba 1986 kikao cha chama kilichochukua dakika 18 kilimwondoa Dinmukhamed Kunaev, Mkazakhi aliyekuwa akiongoza chama katika jamhuri, na kumweka Gennady Kolbin, mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi Kazakhstan. Kesho yake vijana wakajaa uwanja wa Brezhnev mjini Alma-Ata, leo Almaty. Bango lao lilisema kila taifa liwe na kiongozi wake, nao walimnukuu Lenin. Waliimba wimbo wa 1956, wa enzi za ardhi mpya, ambao leo, baada ya maneno yake kurekebishwa, ndio wimbo wa taifa. Walikuwa wamefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba wao ni taifa lenye jamhuri yake, na walikuja kudai walichofundishwa. Walipigwa kwa marungu na sepetu za kijeshi, na azimio la Moscow la 1987 likaandika kwamba kosa lilikuwa "utaifa wa Kikazakhi".

Septemba 1989 sheria ikafanya Kikazakhi kuwa lugha ya dola, na baada ya uhuru wa Desemba 1991 milango ikafunguliwa kwa Wakazakhi wa nje. Baadhi walitoka Xinjiang, China, wakiwemo wajukuu wa waliovuka mpaka wakikimbia njaa. Huko Kilatini kilijaribiwa kuanzia miaka ya 1960, lakini 1982 hati ya Baitursynov ikarudishwa. Walipofika Almaty walikisema Kikazakhi vizuri kuliko wenyeji wengi wa mjini, ila ilibidi wafundishwe kusoma vibao vya barabarani. Na wakishika kalamu kuandika tür, mkono huanza na dayekshe.